Somo: Kuwafundisha wanafunzi kazi ya mahakama kwa kesi ya mfano

Somo hili ni la walimu na walezi wa klabu za shule hapa Kigoma.

1. Barua. Mkuu wa shule amwandikie hakimu mfawidhi wa wilaya: tarehe mbili mnazopendekeza, kidato, idadi ya wanafunzi. Ombeni mtumishi wa mahakama aje shuleni kwanza, ziara ifuate. Wanaoanzia mahakamani hukuta kesi nyingi zinatajwa na kuahirishwa tu, wakarudi patupu.

2. Ngazi za mahakama. Chora kutoka chini: Mahakama ya Mwanzo, Wilaya na Hakimu Mkazi, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufani. Asiyeridhika na hukumu ya Mwanzo hukata rufaa Wilaya ndani ya siku 30.

3. Kesi ya mfano. Tenga vipindi viwili mfululizo. Tunga wizi wa wavu wa dagaa Kibirizi. Kesi halisi ya mtaani usiiguse, ndugu wa wahusika huenda wamo darasani. Chagua hakimu, karani, mwendesha mashtaka, mshtakiwa, wakili na mashahidi watatu. Kila shahidi apewe karatasi yake tu, akae nje hadi aitwe.

Shtaka linasomwa, mshtakiwa anakana, mashahidi wa mashtaka wanatoa ushahidi na kuulizwa maswali ya dodoso, yaani ya upande wa pili kupima ushahidi wao. Hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee, ndipo utetezi uanze. Usipange hukumu mapema! Wakishajua mwisho, dodoso linageuka igizo, hakuna anayesikiliza ushahidi. Hakimu aseme kilichomshawishi. Akiona shaka ya msingi, amwachie mshtakiwa, hata darasa likinung'unika.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, wanafunzi wangu wanasema dhamana ni kununua kesi. Niwajibuje?
Dhamana haiuzwi, ndugu, na kesi haifutwi. Mshtakiwa anaahidi kurudi tarehe iliyopangwa. Asipotokea, wadhamini waliosaini wanawajibika. Wasomee Katiba, ibara ya 13(6)(b): mtu hatendewi kama mkosaji hadi ithibitike kwamba ana hatia. Kisha mpe mshtakiwa wenu dhamana kwenye igizo, waone kesi ikiendelea.

Tunaweza kuhudhuria kesi ya mtoto mwenzao?
Hapana. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009, Mahakama ya Watoto hukaa faragha. Ombeni kesi ya wizi au madai inayosikilizwa wazi.

Darasa lina wanafunzi 70. Wengine wafanye nini?
Wote ni mahakimu. Kila mmoja agawe ukurasa safu mbili, kilichothibitishwa na kilichodaiwa tu, aandike hukumu yake kabla ya ile ya hakimu wa mbele kusomwa.