Beetle haishiki baada ya kufunga moduli ya elektroniki? Pima moto (umeme) wa koili kwanza

Watu wengi wakishatoa pointi (vile vya chuma vya kukata na kuunga umeme wa koili) kwenye Beetle, ile gari ya Volkswagen, na kuweka moduli ya elektroniki inayofanya kazi hiyo, gari ikigoma tu wanasema moduli mbovu, wananunua nyingine na yenyewe inaungua. Jamani subirini. Mara nyingi moduli ni nzima, shida ni moto unaoifikia.

Chukua mita, waya mweusi gusisha kwenye chuma cha injini, mwekundu kwenye koili (ile inayokuza umeme wa kwenda kwenye plagi) palipoandikwa 15. Washa swichi usome haraka, halafu mwenzako apige stata huku unaangalia. Kama betri ina 12.5 na hapo 15 unaona 10, umeme unapotelea njiani, kwenye swichi ya ufunguo, boksi la fyuzi au waya zilizozeeka, na kumbuka choki ya umeme na solenoidi ya kabureta nazo zinanyonya hapohapo 15. Ndo maana kuna gari stata inazunguka weee hakuna kitu, ukiachia ufunguo ndo injini inataka kushika.

Kuhakikisha, vuta waya wenye fyuzi toka pozitivu ya betri, iko chini ya siti ya nyuma, mpaka 15. Ikishika basi moduli haina kosa. Kuzima unachomoa huo waya, ufunguo hautaizima. Dawa ya kudumu ni rilei (swichi inayowashwa na umeme): waya wa zamani unaamsha rilei tu, moto wa koili unatoka betri moja kwa moja.

Koili nayo usiiamini kwa macho. Chomoa waya zake, pima omu (ukinzani wa umeme) kati ya palipoandikwa 15 na palipoandikwa 1. Moduli nyingi za silinda 4 zinataka omu 3 hivi au zaidi, ile ya Bosch ya bluu inasoma kama 3.4. Ukiona 1.5, hiyo koili ndo inayokuunguzia moduli.

Waya mwekundu wa moduli unaenda 15, mweusi 1, ukigeuza umeiua. Na usiache swichi on injini ikiwa imezima, hata ukiwa unasikiliza redio.

Ikishashika weka taiming (muda wa plagi kutoa cheche) upya, usiache ile ya pointi. Distribyuta (kigawa umeme wa plagi) ya aina ya 009 tumia taa ya taiming, digrii 28 hadi 32 injini ikiwa juu ya mizunguko 3,000 kwa dakika. Bado inamisi? Angalia waya za plagi, zile za shaba tupu zisizo na rezista zinaichanganya moduli.

Pointi na kondensa za zamani zikae kwenye buti, safari ndefu utazihitaji.