Somo: Funga kitabu kwanza ndio ubongo uanze kazi (hatua kwa hatua, na maswali yenu)

Habari za jioni watu wangu. Niliahidi somo la jinsi ya kusoma kitu kikae kichwani na sasa ndilo hili, limekuwa refu lakini naomba mlisome lote juu ni kitu kilinichukua mwaka mzima wa maisha yangu kukielewa.

Nianze na siku yenyewe. Niko kidato cha nne, Nakuru, pepa ya moki (mtihani wa majaribio) ya baiolojia, swali linasema eleza vile damu inapita kwa moyo. Hiyo sura nilikuwa nimeisoma mara sita, nimeipaka hailaita ya manjano mpaka karatasi imelowa upande wa pili. Nikifunga macho naona ukurasa wote, picha ya moyo iko juu upande wa kushoto, mishale ya bluu na nyekundu, hata doa la chai naliona pale chini. Lakini mshale unatoka wapi unaenda wapi, hakuna. Nilikaa na hiyo karatasi dakika kumi hivi kalamu iko mkononi na sikuandika neno. Mtihani wenyewe ulipofika mambo yakawa vilevile na nikarudia kidato cha nne. Saa hii nafundisha watu wazima jioni hapa Manyatta, Kisumu, wale wanafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, kama watahiniwa wa kibinafsi, na karibu kila mmoja akija anakuja na ile shida yangu, amesoma sana na hajui kitu, na anadhani kichwa chake ndicho kibaya.

Kichwa si kibaya. Shida ni kwamba ukisoma kitu mara ya tatu macho yanakizoea, kinateleza vizuri, na huko kuteleza unakuchukulia ni kujua. Ubongo hapo haujaulizwa chochote, umekaa tu unapitishiwa maneno. Sasa hatua.

HATUA YA 1. Kabla hujafungua kitabu chukua karatasi tupu uandike unachojua kuhusu hiyo mada, dakika tatu tu. Andika hata makosa, hata kubahatisha. Watu wangu hawapendi hii hatua kabisa, wanasema mwalimu mimi sijui kitu ndio maana nimekuja. Andika tu. Ukishabahatisha jibu halafu ukutane na lile la kweli kitabuni, litakushika zaidi kuliko ungelipita hivi hivi, juu sasa ulikuwa unalitafuta.

HATUA YA 2. Soma kidogo. Kurasa mbili, tatu ukizidi. Ile sehemu ya akili inayoshika kitu kwa muda wakati unakifanyia kazi ni ndogo sana, George Miller mwaka wa 1956 aliandika ni kama vitu saba hivi, waliokuja baadaye wakasema ni karibu vinne. Kwa hivyo mtu anaposema jana nilimaliza sura tano usiku mmoja mimi humuonea huruma.

HATUA YA 3. Funga kitabu. Hapa ndipo kazi yote iko kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Funga kabisa, weka mbali, simu nayo iende chumba kingine. Chukua karatasi nyingine tupu uandike ama uchore yote unayokumbuka. Itauma. Utakaa dakika nzima hakuna kitu kinakuja na mkono utataka kufungua kitabu uchungulie kidogo. Usichungulie. Ile dakika ya kutafuta ndio ubongo unafanya kazi, unapita ile njia ya kwenda kulichukua jibu, na kila ukiipita inakuwa rahisi kupita tena.

Kuna mama mmoja darasani kwangu, anauza mitumba soko la Kibuye, huwa anafanyia hii kazi nyuma ya kalenda ya zamani juu ni kubwa na haimgharimu kitu. Siku ya moyo alichora kwa makaa. Akaanza vizuri, damu inatoka mwilini kwa vena kava (mshipa mkubwa unaoingia moyoni) inaingia atiria ya kulia, chumba cha juu, inashuka ventrikali ya kulia, chumba cha chini, halafu akasimama. Nilimuona amesimama, midomo inatembea, kidole kinafuata mstari hewani. Mwishowe akachora mshale kutoka kulia moja kwa moja kwenda kushoto. Mapafu hayako. Sikumwambia kitu, nikamwacha amalize mpaka kwa aota, ule mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni.

HATUA YA 4. Sasa fungua kitabu ujisahihishe na kalamu ya rangi nyingine. Yule mama alifungua, akaona ateri ya mapafu, mapafu yenyewe, vena za mapafu ndio damu irudi atiria ya kushoto, akasema kwa sauti "kumbe inaenda kuchukua hewa kwanza!" Akaandika MAPAFU kwa nyekundu herufi kubwa. Wiki iliyofuata nilimpa karatasi tupu bila kumwambia, na mapafu ndio kitu cha kwanza alichora, kabla hata ya moyo. Kosa ulilolitoa mwenyewe ukalirekebisha mwenyewe halisahauliki haraka.

Na hii si yangu peke yangu. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa chuo kikuu cha Washington pale St. Louis, Marekani, walipatia wanafunzi habari fupi za kusoma. Kikundi kimoja kilipewa kipindi cha kusoma habari mara nne. Kingine kilipewa kipindi hicho mara moja tu halafu kikajaribu kuikumbuka mara tatu bila kuiona. Walipoulizwa baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele, 83 kwa mia dhidi ya 71. Ukisimama hapo utasema si umeona, kusoma tena ni bora. Lakini baada ya wiki moja waliosoma mara nne walibaki na 40 kwa mia, na wale wa kusoma mara moja wakawa na 61. Na waliosoma mara nne ndio walikuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Mimi nikisoma hiyo huwa najiona vile nilikuwa nimejiamini mlangoni mwa chumba cha mtihani.

HATUA YA 5. Rudia, lakini acha nafasi katikati. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, akachapisha 1885, na akaonyesha kwamba kusahau kunaenda mbio mwanzoni halafu kunapungua mwendo. Kwa hivyo rudi kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu wiki, halafu wiki mbili tatu. Ukirudi umeanza kusahau kidogo ni sawa, hiyo ndiyo saa nzuri, utatafuta tena.

Njia ya kupanga hii bila kuchanganyikiwa ni ya mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, miaka ya sabini. Kata makatoni madogo kama karata, swali mbele jibu nyuma. Tafuta boksi tatu, sisi hutumia za viatu. Boksi ya kwanza unaipitia kila siku, ya pili kila siku tatu, ya tatu mara moja kwa wiki. Ukijibu vizuri karata inasonga boksi ya mbele, ukikosa inarudi ya kwanza hata kama ilikuwa imefika ya tatu. Ni hayo tu, na yanatosha.

HATUA YA 6. Changanya. Kama ni hesabu usifanye maswali ishirini ya aina moja, weka ya asilimia, ya eneo, ya kasi, yote yamechanganyika, juu mtihani hautakuambia hili ni la aina gani.

HATUA YA 7. Lala. Najua mtasema hii si hatua, lakini ni hatua. Kuna kisehemu ndani ya ubongo kinaitwa hipokampasi, kimoja kila upande, ndicho kinachopokea mambo mapya. Mwaka wa 1953 Mmarekani aliyeitwa Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa kifafa, sehemu kubwa ya hivyo viwili ikatolewa, na tangu siku hiyo mpaka alipokufa 2008 hakuweza kushika kumbukumbu mpya ya jambo lililotokea, unaongea naye, unatoka nje, ukirudi ni kama hajawahi kukuona. Lakini mkono wake uliweza kujifunza, alifundishwa kuchora nyota akiangalia kioo na kila siku alichora vizuri zaidi, ingawa hakukumbuka kuwahi kuchora. Sasa usiku ukiwa umelala hipokampasi hurudia yale ya mchana na kuyasaidia yakae sehemu zingine za ubongo. Ukikesha unaikata hiyo kazi katikati. Mtu wangu yeyote nikisikia anakesha usiku wa kuamkia mtihani mimi humpigia simu alale.

Sasa maswali, nimejibu yale mengi mlituma.

SWALI (mama kutoka Kaptembwo, Nakuru): Mwalimu, mtoto wangu wa gredi ya sita anasoma kwa sauti vizuri sana hata wageni wanamsifu, lakini nikimuuliza umesoma nini anakaa kimya. Nimpeleke tyusheni?

Mama, pesa ya tyusheni ngoja nayo kwanza. Mwambie akimaliza ukurasa mmoja afunge kitabu akusimulie, na asikusimulie kwa Kiingereza, akusimulie kwa lugha mnayoongea nyumbani, iwe Kikuyu, Kiluhya, Dholuo ama hiki Kiswahili chetu. Akiweza kusema kwa lugha ya nyumbani amelielewa, akishindwa ujue alikuwa anapiga sauti tu. Na usimkemee akikwama, muulize "halafu?" na unyamaze. Huo unyamavu ni mgumu kwa mzazi lakini mwache atafute. Mkague macho na masikio pia, na kama amekuwa akiugua malaria mara kwa mara mpime damu, mtoto aliyepungukiwa damu anachoka haraka na kuzingatia kunamshinda.

SWALI (kijana wa boda, Kondele): Mi niko steji tangu saa kumi na moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, niko na kozi ya diploma, nitatoa wapi hiyo saa ya kuketi na boksi za viatu?

Kaka yangu, wewe uko na bahati ambayo huioni. Kule London madereva wa teksi ili wapewe leseni lazima wajue kichwani mitaa kama 25,000 kuzunguka Charing Cross, pale katikati ya jiji, na Eleanor Maguire na wenzake mwaka wa 2000 waliwapima wakakuta hipokampasi zao upande wa nyuma ni kubwa kuliko za watu wengine. Wewe nikikuambia nitoe hapa unipeleke Nyalenda nyuma ya kanisa fulani unafika bila ramani, kwa hivyo kichwa unacho. Usibebe boksi, beba karata tano tu mfukoni asubuhi. Ukingoja mteja toa moja, soma swali, irudishe mfukoni, jibu kichwani, halafu ndio ugeuze uone. Tano zikiisha umemaliza siku. Lakini ukiwa unaendesha usijiulize chochote, barabara peke yake.

SWALI: Vipi kuhusu kahawa, miraa, na zile tembe watu wanauziwa za kuongeza akili?

Ukichoka kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwa ubongo na kukuletea usingizi. Kafeini inaikalia nafasi yake kwa hivyo husikii uchovu, lakini uchovu bado uko palepale. Na inachukua kama saa tano kwa nusu yake kutoka mwilini, kwa hivyo kikombe cha saa kumi na moja jioni bado uko nacho ukipanda kitanda. Asubuhi sawa, jioni hapana. Miraa inakuweka macho na kukuibia usingizi wenyewe, na usingizi ndio tulikuwa tunautaka. Tembe nawaomba sana msiguse, ni dawa za watu walio na ugonjwa na wameandikiwa na daktari, ukinunua kichochoroni hujui umemeza nini.

SWALI: Ni kweli tunatumia asilimia kumi tu ya ubongo?

Hapana, si kweli. Ubongo wote unatumika, hata ukilala. Ni kama asilimia mbili ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia ishirini ya nguvu zote za mwili ukiwa umetulia, mwili haungelisha kitu kikubwa hivyo kikae bure. Usitoke nyumbani asubuhi bila uji.

SWALI (dada kutoka Dunga): Huku tunaambiwa omena (dagaa) inaongeza akili ya mtoto, ama ni maneno ya wachuuzi?

Dada, mlishe, ni chakula kizuri, kina protini na madini na bei iko chini kuliko nyama. Lakini hakuna samaki atakayemfanyia mtoto hatua ya tatu. Kitu ambacho ningetaka uangalie ni chumvi, ununue ile iliyowekwa madini joto (ayodini), na hasa ukiwa mjamzito, juu ikikosekana ubongo wa mtoto unaathirika tangu tumboni.

SWALI (kutoka Kakamega): Mamangu ana miaka sabini na moja, anasahau majina na amewahi kupotea njia ya kutoka sokoni ambayo ameipita miaka thelathini. Hizi karata zitamsaidia?

Pole sana. Kusahau jina halafu likaja jioni ni uzee wa kawaida. Kupotea njia aliyoizoea si kawaida, hilo msiliache liende. Msianze na karata, mpelekeni hospitali apimwe presha, sukari, damu, na masikio, juu asiyesikia vizuri huanza kujitenga na ubongo unakosa kazi, na mbebe dawa zote anazomeza daktari azione, kuna zingine huvuruga kumbukumbu. Nendeni na mtu anayeishi naye anayeweza kueleza ilianza lini. Nyumbani msimkatize akisimulia ya zamani, muulizeni zaidi. Ukitoka hospitali niandikie wamesema nini, nitakuwa nangoja.