Tumbo limejaa, ng'ombe anakonda

Mwezi wa Septemba, kabla hujazihesabu mbavu za ng'ombe wako, tazama kinyesi chake. Masika kilikuwa laini, kimetandaa chini kama uji mzito. Sasa kimekauka, kimepandana tabaka juu ya tabaka, na ukikivunja kwa kijiti unakuta nyuzi ndefu za nyasi zilizopita bila kumeng'enywa vizuri. Huyo ng'ombe anakula, tumbo limemjaa, na bado anakonda.

Wafugaji wengi wa Shinyanga au Dodoma watakuambia malisho yamekwisha. Mara nyingi ni kweli. Ila hata penye ngitili iliyotunzwa, yaani malisho yaliyotengwa ili yaliwe kiangazi, nyasi zimesimama hadi magotini, mifugo hukonda vilevile. Ngitili huhifadhi wingi wa nyasi. Ubora wake haiwezi kuuzuia usishuke.

Ng'ombe hana uwezo wa kumeng'enya nyuzinyuzi peke yake. Kazi hiyo hufanywa na bakteria na vijidudu wengine walio katika rumeni, lile tumbo la kwanza na kubwa kuliko yote. Nao wanahitaji chakula chao, hasa nitrojeni, ambayo huipata katika protini ya malisho. Nyasi changa za masika zaweza kuwa na protini asilimia 10 au zaidi. Zikishatoa mbegu na kukauka hushuka hadi asilimia 3 au 4. Tafiti za malisho ya nchi za joto zinaonyesha kuwa protini ikipungua chini ya asilimia 6 au 7, vijidudu hulegea, nyasi hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hupunguza kula kwa kuwa nafasi haipo. Ukimrundikia mabua zaidi hujamsaidia. Molasi peke yake nayo ni nguvu bila nitrojeni.

Dawa ni protini kidogo, kila siku. Mashudu ya alizeti au ya pamba, nusu kilo hadi kilo moja kwa ng'ombe mkubwa, huwaamsha vijidudu hao, na zile nyasi kavu ulizonazo zikaanza kutumika. Fedha haitoshi kundi zima, najua. Anza na wanaonyonyesha, wenye mimba kubwa na mitamba. Maksai asiyelima kipindi hicho angoje. Kisha rudi ukakague kinyesi.

Asiye na fedha ya mashudu apande miti ya lusina mpakani mwa shamba. Majani yake yana protini asilimia 20 na zaidi, ila yana pia sumu iitwayo mimosini. Huko Australia ng'ombe walioila kwa wingi walinyonyoka manyoya na kuvimba tezi ya shingo. Mtafiti Raymond Jones akagundua kwamba mbuzi wa Hawaii huila bila kudhurika, kwa sababu rumeni zao zina bakteria wanaoivunja sumu hiyo. Bakteria hao wakahamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, na aina mojawapo ikaitwa Synergistes jonesii kwa heshima yake. Wewe usibahatishe kama ng'ombe wako wanao: lusina isizidi theluthi ya chakula cha siku, na punda asipewe.

Njia ya tatu ni urea, mbolea ileile ya shambani. Yeyusha kilo 4 katika lita 60 hadi 80 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, shindilia, funika kwa nailoni pasipite hewa, acha wiki 3. Ukifunua, yaache yapigwe hewa siku nzima ndipo ulishe, ukianza na kidogo. Usipunje wala kuzidisha vipimo. Ndama wa chini ya miezi 6 wasiguse, punda vilevile. Na ndoo iliyobaki na maji ya urea imwage mbali na mifugo siku hiyohiyo: ng'ombe mwenye kiu akiyanywa anaweza kufa kabla afisa mifugo hajafika.