Muhula wa kwanza katika chuo kidogo cha Marekani: mwongozo kwa wanaotoka Lamu na Malindi

Aliyefanya KCSE Novemba na kupata nafasi huko ana miezi kadhaa nyumbani kabla ya kusafiri Agosti. Wengi huimaliza kwa kuhangaikia viza na makoti. Lisilozungumzwa ni kwamba kule mtihani wa mwisho hauamui kila kitu. Alama hukusanywa kila wiki, tangu wiki ya kwanza, na aliyezoea kukesha dakika za mwisho hukuta nyingi zimeshamponyoka.

Anza na silabasi, ile karatasi ya kozi unayopewa siku ya kwanza. Tafuta mgawanyo wa alama. Tuseme kozi ya historia imegawanywa hivi: kuchangia darasani 15, majibu mafupi ya kila wiki 20, insha mbili 40, mtihani wa mwisho 25. Ukiyadharau majibu mafupi kwa kuwa ni ukurasa mmoja tu, hata ukizoa alama zote zilizobaki hutavuka 80, yaani B- kwa walimu wengi.

Kisha angalia tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi: 9/10 ni tarehe 10 Septemba. Ukiisoma kwa mazoea ya kwetu utaingojea 9 Oktoba, na insha itakuwa imechelewa mwezi mzima. Hamishia tarehe za kozi zote kwenye kalenda moja na uandike jina la mwezi kwa herufi.

Kwa kawaida utachukua kozi nne kwa muhula. Kila moja ina takriban saa tatu za darasani kwa wiki, na sita hadi tisa za kusoma peke yako, kwa hiyo nne ni kazi ya kutwa. Kosa la wanaotaka uhandisi au udaktari ni kubeba kemia, fizikia na hesabu kwa pamoja, wakisahau kwamba kila maabara hula alasiri nzima. Chukua mbili za aina hiyo, semina ya kuandika, na moja unayoipenda tu. Semina usiikwepe, vyuo vya Grinnell na Amherst, ambavyo karibu havilazimishi kozi nyingine yoyote, vyote viwili huitaka kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Wiki ya kwanza au mbili unaruhusiwa kubadilisha kozi bila alama yoyote kwenye rekodi. Baada ya hapo, kuacha kozi huacha herufi W. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, ana jambo zito zaidi: lazima abaki mwanafunzi wa muda wote, kwa kawaida krediti (vipimo vya uzito wa kozi) 12 au zaidi. Usiache kozi ikakushusha chini ya hapo kabla ofisi ya wanafunzi wa kigeni haijakuidhinisha.

Kuchangia darasani ndiko kunakowatesa watu wa kwetu. Tumelelewa kumnyamazia mwalimu, na kule kimya husomwa kama hukusoma. Dawa ni kuingia na swali moja lililoandikwa, lenye namba ya ukurasa, na kulitoa katika dakika kumi za mwanzo kabla wasemaji hawajakutangulia. Swali la "hapa ukurasa wa 43 mwandishi anapingana na alichosema mwanzo, au nimemwelewa vibaya?" lina uzito kuliko hotuba.

Profesa pia hutangaza saa za ofisi kila wiki. Hizo si za kuitwa kukemewa; ni zako. Nenda wiki ya pili au ya tatu, kabla ya shida, ukiwa na aya moja uliyoiandika na swali moja juu yake. Dakika kumi na tano zatosha. Mwite Profesa na jina lake la ukoo mpaka mwenyewe akuambie vingine.

Kukariri maelezo ya mwalimu na kuyarudisha neno kwa neno, jambo linalosifiwa shuleni, kule bila kutaja chanzo huweza kukufikisha mbele ya kamati ya nidhamu. Akili mnemba nayo ina sheria tofauti kwa kila profesa, kwa hiyo uliza wiki ya kwanza.

Ukiwa bado Malindi au Amu, soma makala ya kurasa 30 kila siku mbili: utangulizi na hitimisho kwanza, ndipo katikati. Kisha andika mistari mitatu: anadai nini, kwa ushahidi gani, wapi hukushawishika. Mikutano ya mtandaoni na washauri huanza kabla hujasafiri. Saa nane mchana ya New York wakati wa kiangazi ni saa tatu usiku kwetu. Chaji simu mapema, umeme hauna adabu.

Na kuhusu Ramadhani, ambayo miaka hii huangukia ndani ya muhula wa pili: waandikie watu wa bwalo wiki mbili kabla, uombe chakula cha kubeba kwa ajili ya daku na futari. Vyuo vingi hukubali, ila bila kuombwa mlango hufungwa saa yake ya kawaida.