Stori yako inatokea wapi? Jinsi ya kufanya mandhari isukume ploti

Fungua stori nyingi za kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook, sehemu ya kwanza inaanza hivi: ilikuwa majira ya asubuhi, jua likichomoza upande wa mashariki (sasa lichomoze wapi kwingine), ndege wanaimba, upepo mwanana unavuma, aya tatu nzima, halafu aya ya nne ndo tunaambiwa Juma kafumaniwa. Zile aya tatu ukizifuta hakuna kinachopungua. Shida ni kwamba shule tulikaririshwa mandhari ni mahali na wakati, ploti ni mtiririko wa matukio, basi mtu anaviandika kama vitu viwili, anamaliza kimoja ndo anaingia kingine.

Mi nashauri ukikaa kuandika jiulize kwanza, hapa mahali panamruhusu mhusika wangu kufanya nini na panamkatalia nini? Nani anamuona akipita, habari inamfikia baada ya muda gani, usafiri unakata saa ngapi, nani akiongea kwenye ile nyumba wengine wananyamaza. Hayo ndo mandhari yenyewe, rangi ya mawingu baadaye. Ploti sasa ni yale anayoyafanya mtu mwenye shida akiwa amebanwa na hayo masharti.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mwanaidi ni mkulima wa mwani Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, mume alifariki mwaka juzi na shemeji yake anataka kiwanja kiuzwe. Kikao kimepangwa kwa sheha (kiongozi wa serikali wa mtaa huko Zanzibar), Jumamosi saa nne asubuhi. Mpaka hapo, ukibadili zao na cheo cha sheha tu, stori unaweza kuibeba ukaitua Dodoma na isistuke.

Ila mtu anayeijua Jambiani ataanza kucheka akisikia saa nne. Mwani unalimwa kwenye maji mafupi, wanawake wanaingia shambani maji yakipwa, na sio kila kupwa ni sawa. Kuna bamvua, siku za karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inatoka mbali kabisa na hizo ndo siku zenyewe za kazi, zikipita yanakuja maji mafu na shamba halifikiki vizuri. Kwa hiyo shemeji, aliyekulia hapohapo, hakuokota Jumamosi saa nne, kachagua bamvua na kachagua saa ambayo kila mwenye shamba yuko baharini. Hajatukana mtu, hajaloga mtu. Kapanga ratiba tu, na kesho atasema tulimwita hakuja.

Angalia sasa kinachofuata. Mwanaidi akiacha kuvuna atakosa hela, na bila hela hana cha kumlipa wa kumuandikia barua ya pingamizi. Anaamua kuwahi, anaingia saa mbili maji yakiwa bado kiunoni. Simu kaiacha nyumbani maana chumvi itaiua. Ila ufukwe ule ni tambarare, mtu akiwa kule ndani anaonekana kutoka nchi kavu, shemeji anamuona, anaelewa kuwa anataka kuwahi, anampigia sheha kikao kisogezwe saa tatu. Mwanaidi anapigiwa, simu inaita mpaka inakata. Hapo sijaongeza ajali wala jini wala ndoto ya bibi, bahari na simu vimefanya kazi yote.

Kujipima fanya vitu viwili. Kwanza hamisha. Ipeleke stori mji mwingine kichwani, kama hakuna kinachovunjika basi mandhari yako ni pazia tu. Mwanaidi ukimpeleka Dodoma inabidi umtafutie kizuizi kipya kabisa. Pili futa. Toa tukio moja la katikati usome linalofuata, likisimama vizuri bila lile ulilotoa, lile halikuwa kwenye ploti, ulilipenda tu. Hii ya pili inauma, mimi huwa naweka vipande vilivyofutwa kwenye faili lingine ili roho itulie.

Wakati nao unahamishwa hivyohivyo, watu wanausahau. Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi imejengwa bandarini Zanzibar enzi za mkoloni na mgomo wa 1948 umo ndani yake, sasa ipeleke bandari ya leo yenye makontena na kreni uone kama itabaki riwaya ileile. Hata nchi ya kubuni inataka masharti, Kusadikika ya Shaaban Robert inaelea angani lakini ina baraza na ina mashtaka, na mshtakiwa, Karama, inabidi ajitetee mlemle kwenye utaratibu wao.

Maelezo ya mahali yaweke pale yanapombana mtu. Badala ya kuandika bahari ilikuwa nzuri yenye rangi ya samawati, andika: Mwanaidi alipapasa kamba ya mwani kwa miguu kwa sababu maji yalikuwa bado juu, akainama mpaka kidevu kikalowa, fundo likamponyoka mara ya pili. Msomaji keshaiona bahari na keshaanza kuhesabu dakika.

Mambo ya kuanza mwisho kisha kurudi nyuma yapo na yanafaa, ila usiyatumie kwa sababu mwanzo wako umepooza, utakuwa umeahirisha tatizo.

Kwa wale wa itaendelea: usikate sehemu kwa kuficha jina, ile ya mlango ukafunguliwa akaingia... alikuwa ni..., watu wameshaichoka. Kata pale mahali pameshamfungia mtu njia na msomaji anajua wakati mhusika hajui. Hapa kwetu ni pale simu inapoita haina mtu na Mwanaidi bado anafungua kamba akijua ana saa nzima. Sehemu ya pili ingia moja kwa moja kwa sheha, shemeji anauliza kama wote wamefika, na usituruke miaka mitano mbele.