Kadi ya klabu yenye sura ya tiketi ya reli

Klabu ndogo ya wapenzi wa santuri pale Mikindani haina haja ya kadi ya plastiki kama ya benki. Inataka kikaratasi kigumu chenye sura ya enzi fulani, na enzi iwe moja tu. Huku kusini mwa Tanzania mfano uko jirani: reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, ambayo ilikwisha ng'olewa. Sura ya tiketi inatosha kubeba kadi nzima. Ukiongeza nakshi za milango ya Mikindani, halafu gramafoni juu yake, umeshatengeneza kadi ya mwaliko wa harusi.

Vipimo kwanza. Kadi iliyokamilika iwe milimita 85.6 kwa 54, sawa na ya benki, iingie kwenye pochi. Karatasi ya ndani iwe 80 kwa 48, kwa sababu laminesheni (plastiki ya kuifunika) lazima iivuke kwa karibu milimita 3 kila upande. Hapa ndipo kadi nyingi zinapoharibika. Mtu anapiga laminesheni A4 nzima ndipo anakata, na ukingo wa karatasi unabaki wazi. Unyevu wa pwani unapenya hapo. Baada ya muda kona inaachia tabaka kwa tabaka kama kitunguu.

Mchoro. Programu ya kuchorea ya Inkscape ni ya bure na inatosha. Weka ukurasa wa milimita 84 kwa 52; zile 2 za ziada kila upande ni za kukatwa. Maandishi yakae angalau milimita 4 ndani ya mstari wa kukatia. Ukitumia picha, iwe pikseli 992 kwa 614 au zaidi.

Rangi mbili: krimu na kahawia nzito. Yale madoa ya "karatasi kuukuu" yanayopakuliwa mtandaoni achana nayo, kwenye kadi ndogo yanaonekana kama printa imechafuka. Maandishi madogo yawe meusi tupu. Kahawia huchapwa kwa kupandanisha rangi kadhaa. Zikipishana kidogo tu, herufi za pointi 8 zinaota kivuli.

Fonti mbili pia: Josefin Sans pointi 14 kwa jina la klabu, Libre Baskerville pointi 8 kwa mengine. Jaribu kwa jina refu kuliko yote kwenye daftari la wanachama, na kwa jina lenye ng', maana alama iliyonyooka (') haipendezi kama ile iliyopinda (’). Jina la mwanachama, namba na mwaka vinatosha. Namba ya NIDA na ya simu zibaki daftarini, kadi hupotea.

Namba ndiyo roho ya kadi hii. Tiketi za zamani zilikuwa na namba ileile kwenye ncha zote mbili. Acha nafasi mbili tupu za milimita 22 kwa 8, kisha gonga kwa muhuri wa namba unaojisogeza: 0001, 0002. Ikikaa upande kidogo usirudie, huo ndio uzuri wake. Gonga kabla ya laminesheni, kwani wino wa muhuri haukauki juu ya plastiki.

Kuchapa. Manila ya gramu 250. Ukipata ya rangi ya krimu, futa rangi ya usuli kwenye mchoro. Zinaingia kadi kumi kwenye A4 moja, safu mbili za tano. Kwenye printa ya leza chagua karatasi nzito, la sivyo wino haushiki na ukiukwaruza kwa ukucha unabanduka. Ukubwa uwe asilimia 100. Ukiruhusu printa "ijaze ukurasa" yenyewe, vipimo vyote vimekwenda. Wakati wa masika manila ikae kwenye nailoni iliyofungwa hadi dakika ya mwisho. Yenye unyevu hukunjamana, na mvuke wake unatengeneza malengelenge ndani ya laminesheni.

Kata, gonga namba, mwanachama atie saini, wino ukauke kabisa. Halafu laminesheni ya mikroni 125 isiyong'aa. Inayong'aa inaua ukale wote. Kadi ipoe chini ya kitabu kizito, ndipo ukate kona kwa mviringo wa milimita 3, maana kona kali hutoboa mfuko wa shati.

Chapa kumi za akiba bila namba. Kadi 0047 ikipotea, mpya iwe 0047A, na ile ya kwanza ipigwe mstari daftarini.