Somo: Kuamsha hisia kwenye ngozi iliyopandikizwa

Ndugu zangu wa Kigoma, swali mnaloniletea sana ni hili: kidonda kimefunga, ngozi imeshika, mbona nikiigusa ni kama nagusa mkono wa mtu mwingine? Ganzi hiyo haina maana kwamba upasuaji umeshindikana. Damu huifikia ngozi ya kupandikizwa ndani ya siku chache, lakini mishipa yake ya fahamu ilikatwa. Mipya huchipua kutoka pembeni na chini ya kidonda, na huota takriban milimita 1 kwa siku. Ndiyo maana pembeni huamka kwanza, katikati baadaye.

Hatua ya 1. Muulize daktari ulifanyiwa nini. Kama ni ngozi tupu iliyochunwa pajani, ile nene kwa kawaida hupata hisia vizuri kuliko nyembamba. Kama ni ngozi na nyama vilivyohamishwa pamoja na mishipa ya damu, uliza iwapo mshipa wa fahamu nao uliungwa. Uliloambiwa liandikwe kwenye daftari lako la kliniki.

Hatua ya 2. Linda. Nasisitiza hapa kwa sababu ndipo watu wanapoumia mara ya pili. Ngozi yenye ganzi haikwambii kwamba inaungua, kwa hiyo macho yafanye kazi hiyo. Maji ya kuoga yapime kwa mkono usio na ganzi. Mawese yakichemka jikoni, vaa mikono mirefu au simama mbali, maana tone moja linatosha kutoa lengelenge usilolisikia. Usiegemee jiko la mkaa. Jua la mchana lifunike kwa nguo. Kila jioni kagua kwa kioo: malengelenge, wekundu mpya, michubuko.

Hatua ya 3. Kidonda kikishafunga kabisa na daktari ameruhusu, paka mafuta yasiyo na manukato. Ngozi hiyo hukauka haraka kwa kuwa tezi zake za jasho na mafuta hazifanyi kazi vizuri. Sugua taratibu kwa kidole gumba, kwa mduara.

Hatua ya 4. Fundisha ubongo. Chukua pamba, kipande cha kitenge na mchele mkavu. Pitisha pamba kwenye ngozi isiyo na ganzi huku ukitazama, kisha kwenye iliyopandikizwa, kisha fumba macho urudie. Mwambie mtu wa nyumbani akuguse, wewe utaje ni kitu gani na kimegusa wapi. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku, tena mahali palipotulia. Ukifanya huku unaangalia simu hupati kitu.

Hatua ya 5. Kila mwezi chora mpaka wa ganzi kwa kalamu, upige picha.

MASWALI

*Mama wa Ujiji: Usiku panawasha na kuchoma kama sindano. Pameharibika?*
Pole sana mama. Mara nyingi hiyo ni mishipa inayoamka, pamoja na ukavu. Usikune kwa kucha. Paka mafuta, weka kitambaa kibichi chenye maji ya baridi. Ukiona usaha, harufu au homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Kijana wa Kibirizi: Miezi mitatu sasa, katikati ya kiganja hamna kitu. Nirudi ziwani?*
Mdogo wangu, miezi mitatu bado ni mapema. Hisia huendelea kurudi kwa mwaka mmoja hadi miwili, ingawa si lazima zirudi zote. Maumivu kwa kawaida hutangulia, mguso mwepesi hufuata. Kama unavuta sigara, acha, inachelewesha. Kamba, ndoano na taa ya karabai usivishike kwa mkono huo mpaka daktari akuruhusu.

*Dada wa Mwandiga: Pua yangu imetengenezwa kwa ngozi ya paji la uso. Nikiigusa nahisi kwenye paji! Ni kawaida?*
Ni kawaida kabisa, dada. Kile kikonyo kinachoiunganisha na paji bado kina mshipa wa fahamu, na ubongo unapokea taarifa kama zamani. Daktari akishakikata, mara nyingi baada ya wiki tatu hivi, pua itakuwa na ganzi kwa muda, kisha hisia zitaingia kidogo kidogo kutoka shavuni na pembeni. Anza hatua ya 4 kidonda cha pili kikifunga, na mpaka hapo chai iache ipoe kwanza, mvuke wake usije ukaunguza pua.